Mchezo ambao refa ndiye mwenye macho

Ukiketi kibarazani kucheza drafti na jirani yako, msomaji mpenzi, hakuna kinachofichwa. Vizibo vyake vya soda unaviona na vyako anaviona. Hata bao la wazee wa Pwani ni hivyo hivyo: kete zimo mashimoni, mwenye macho na azihesabu. Ukishindwa, huna wa kumlaumu ila kichwa chako.

Sasa hebu fikiria drafti ya namna nyingine. Wewe uko sebuleni, mwenzako yuko chumba cha kulala, na mlango umefungwa. Kila mmoja ana ubao wake, lakini kwenye ubao wako kuna vizibo vyako peke yake, na hata hivyo huna hakika kama viko pale ulipoviagiza viende. Jikoni kuna mtu wa tatu mwenye ubao wa kweli, unaoonyesha kila kitu. Mara kwa mara anakuja mlangoni na kukuambia: "Umesikia milio ya bunduki upande wa kaskazini." Ukimwuliza ni askari wangapi wanaopiga, ananyamaza. Kama ungekuwa huko porini ungesikia milio tu, hungeona hesabu ya watu.

Mchezo huo upo, na una umri wa zaidi ya miaka 200. Wajerumani walioubuni waliuita Kriegsspiel, yaani mchezo wa vita, na mpaka leo wapo watu Ulaya na Marekani wanaokutana siku nzima ya mapumziko kuucheza. Usidhani ni wanajeshi. Wengi ni raia wa kawaida wanaopenda historia. Hawavai magwanda wala hawakimbizani vichakani na bunduki za plastiki. Wanachotumia ni ramani, penseli, karatasi, dadu kama zile za ludo, na subira nyingi. Ramani ni ya mahali pa kweli, vita ni vile vilivyopiganwa zamani, na kila mchezaji anapewa nafasi ya kamanda fulani wa wakati huo. Anayebaki anakuwa mwamuzi, au refa kama tunavyomwita sisi wapenzi wa kandanda, na kwa maoni yangu huyo ndiye mwenye kazi tamu na ngumu kuliko wote.

Mambo yalianza na baba na mwanawe. Baba, Georg Leopold von Reisswitz, alikuwa ofisa wa serikali katika Prusia, ile dola ya Kijerumani ambayo baadaye, mwaka 1871, ndiyo iliyoongoza kuungana kwa Ujerumani. Mwaka 1812 alimpelekea Mfalme Friedrich Wilhelm wa Tatu meza kubwa mfano wa kabati yenye droo. Ndani yake mlikuwa na vigae vilivyochorwa vilima, mito, barabara na misitu, na mtu aliweza kuvipanga upya akapata nchi mpya kila mara. Kilikuwa kitu cha kupendeza, lakini chombo cha jumba la mfalme. Luteni wa kawaida angekipata wapi?

Mwana, aliyekuwa luteni wa mizinga, aliiacha meza akachukua ramani. Mwaka 1824 alichapisha kitabu cha kanuni. Wewe uliye kidato cha nne unaifahamu ramani ya 1:50,000, ile inayokutoa jasho katika mtihani wa Jiografia, ambayo kilomita moja ni sentimita mbili tu. Ramani ya luteni huyu ilikuwa ya 1:8,000. Kilomita moja ilikuwa sentimita 12 na nusu, kwa hiyo hata nyumba moja, ua wa shamba au daraja dogo lilionekana. Juu yake viliwekwa vipande vidogo vya madini vilivyopakwa rangi, upande mmoja vyekundu na mwingine buluu, kila kipande kikisimama badala ya kikosi. Kila zamu ya mchezo ilihesabiwa kuwa dakika mbili za vita.

Hapo kwenye dakika mbili ndipo penye ujanja wa mchezo wote. Tuseme wewe ni kamanda, na kikosi chako cha farasi kiko kilomita nne kutoka ulipo. Unataka kigeuke kushoto. Huruhusiwi kukisogeza kwa kidole. Unaandika amri kwenye karatasi, unampa mwamuzi, naye anapiga hesabu: tarishi aliyepanda farasi akienda kwa mwendo wa kilomita 12 kwa saa atatumia dakika 20 kufika. Dakika 20 ni zamu kumi. Mwamuzi anaiweka barua yako kando, na zamu kumi zinapita huku kikosi kikiendelea kufuata amri yako ya zamani. Barua ikifika, huenda daraja ulilotaka livukwe limekwisha kutekwa. Huenda pia tarishi amekamatwa njiani, na sasa adui anaisoma amri yako kwa raha zake. Wewe sebuleni hujui lolote kati ya hayo. Unangoja.

Mkuu wa majeshi ya Prusia, Jenerali von Müffling, alipoitwa kuutazama mchezo huu alikuja bila hamu, akidhani ataonyeshwa burudani ya watoto. Inasimuliwa kwamba kadiri mchezo ulivyoendelea ndivyo uso wake ulivyobadilika, mwishowe akasema waziwazi kwamba hayo yalikuwa mafunzo halisi ya vita na lazima jeshi lote liyapate. Lakini luteni mwenyewe hakudumu kufaidi sifa. Alipandishwa cheo kuwa kapteni, akahamishwa kutoka Berlin hadi mji mdogo wa Torgau, jambo aliloliona kama kutupwa, na mwaka 1827 akajiua. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na kitu.

Kuna neno moja la Reisswitz ambalo mimi hulipenda. Yule mtu wa katikati hakumwita hakimu. Alimwita kwa Kijerumani "Vertrauter", ambalo kwa lugha yetu ni mtu anayeaminiwa, mwandani. Pande zote mbili humfungulia siri zao, naye hazitoi nje hata kwa kukunja uso.

Miaka ilivyopita kanuni zilizidi kunenepa. Kulikuwa na jedwali la risasi, jedwali la mizinga na jedwali la uchovu wa farasi, na maofisa wakalalamika kwamba mchezo umekuwa somo la hesabu. Ndipo mwaka 1876 Julius von Verdy du Vernois, aliyekuwa katika makao makuu ya jeshi wakati wa vita vya Ufaransa vya 1870 na 1871, akatoa shauri la kushtua: tupeni majedwali. Mwachieni mwamuzi mwenye uzoefu aamue kwa akili yake nini kingetokea. Tangu hapo kuna madhehebu mawili, la kanuni ngumu na la mchezo huru, na wapenzi wa mchezo huu hubishana hadi leo kama mashabiki wa Gor na wa Ingwe.

Vita hivyo vya Ufaransa ndivyo vilivyoueneza mchezo. Wajerumani waliposhinda, kila jeshi lilitaka kujua siri yao. Nchini Uingereza kanuni zilitolewa mwaka 1872 na kapteni mmoja wa mizinga aliyeitwa Evelyn Baring. Kama jina hilo limekugutua, una haki. Kapteni huyo baadaye ndiye aliyekuwa Lord Cromer, aliyeitawala Misri kwa niaba ya Waingereza, na mwanawe, mwenye jina lilo hilo, ndiye Gavana Evelyn Baring aliyetangaza hali ya hatari hapa Kenya Oktoba 1952.

Sasa tufike kwenye uchungu wa jambo. Mwamuzi akishapewa uwezo wote huo, itakuwaje anayecheza akiwa ni mkubwa wake?

Wajerumani walilionja hilo mapema. Kaisari Wilhelm wa Pili alipenda sana kushiriki katika michezo na mazoezi ya vita, na ilikuwa desturi kwamba upande wa Kaisari haushindwi. Ni nani angethubutu kumwambia Kaisari kwamba farasi wake wote wamekwisha kwa bunduki za mtombo? Helmuth von Moltke, mpwa wa yule jenerali mashuhuri wa jina hilo, alipotakiwa kuchukua ukuu wa majeshi, alimweleza Kaisari uso kwa uso kwamba michezo ya namna hiyo haifundishi mtu kitu, na akamwomba asijiingize. Kaisari alikubali. Nasikitika kwamba watu wa aina ya Moltke katika ofisi zetu ni wachache, lakini hayo si ya safu hii.

Kisa kinachosimuliwa zaidi ni cha Wajapani. Mwanzoni mwa Mei 1942 maofisa wa jeshi lao la majini walikusanyika ndani ya manowari kubwa Yamato kuujaribu juu ya meza mpango wa kushambulia kisiwa cha Midway, katika Bahari ya Pasifiki. Mwamuzi mkuu alikuwa Admirali Matome Ugaki. Katika mchezo, ndege za Marekani zilizishambulia manowari za Kijapani za kubebea ndege, dadu ikatupwa, na matokeo yakawa mabomu tisa yamelenga. Manowari mbili, Akagi na Kaga, zikahesabiwa kuwa zimezama. Ugaki akaingilia kati, akasema mabomu yaliyopata ni matatu tu. Akagi ikaponea chupuchupu, na hata Kaga iliyobaki katika orodha ya wafu ikafufuliwa ili ishiriki katika sehemu iliyofuata ya mchezo.

Mwezi uliofuata, tarehe 4 Juni, vita vya kweli vya Midway vilianza. Wajapani walipoteza manowari nne za kubebea ndege. Akagi na Kaga zilikuwamo.

Aliyeeneza kisa hiki baada ya vita ni Mitsuo Fuchida, rubani aliyeongoza ndege za shambulio la Pearl Harbor. Wanahistoria wamebishana juu ya uzito wake, na wana hoja, kwa maana mwamuzi ana haki ya kuirekebisha dadu ikitoa upuuzi. Hilo ndilo Verdy alilolitaka. Hakuna dadu inayoweza kutabiri vita. Lakini mimi najiuliza kuhusu wale maofisa vijana waliokuwa wamezunguka meza ile wakiona mabomu tisa yanageuka matatu. Walijifunza nini siku hiyo kuhusu kutoa habari mbaya kwa wakubwa?

Katika mwaka uo huo wa 1942, upande wa pili wa dunia, mambo yalikuwa kinyume kabisa. Nyambizi za Kijerumani zilikuwa zikizamisha meli za chakula na silaha zilizokuwa zikivuka Bahari ya Atlantiki kwenda Uingereza. Katika orofa ya juu ya jengo moja mjini Liverpool, Kapteni Gilbert Roberts, ambaye alikuwa ameachishwa kazi ya jeshi kwa sababu ya kifua kikuu kisha akaitwa tena, aliigeuza sakafu kuwa bahari. Meli zilichorwa kwa chaki. Maofisa waliokuja kufunzwa waliwekwa nyuma ya mapazia yenye matundu, wakaoneshwa kile tu ambacho nahodha angekiona baharini usiku. Njia ya nyambizi ilichorwa kwa chaki ya kijani ambayo kutoka nyuma ya pazia haikuonekana vizuri.

Waliouendesha mchezo huo walikuwa wasichana wa kikosi cha wanawake cha jeshi la majini, wengi wao hata hawajatimiza miaka 25. Kwa kuirudia rudia sakafu ile, Roberts na wasichana wake waligundua kwamba nyambizi zilikuwa zikiingia katikati ya msafara wa meli usiku kutoka nyuma, mahali ambapo hakuna aliyekuwa akitazama, na wakabuni mbinu za kuzinasa. Admirali Max Horton, mkubwa wa eneo lote hilo na yeye mwenyewe mtu wa nyambizi tangu Vita vya Kwanza vya Dunia, alikwenda kujaribu. Alicheza kama nyambizi. Aliyemwinda upande wa pili alikuwa msichana, Janet Okell. Admirali alizamishwa mara tano kati ya tano, na hakuna aliyemfufua. Maofisa wapatao 5,000 walipita katika sakafu hiyo kabla vita havijaisha.

Hayo yalikuwa ya majeshi. Raia nao waliuchukua mchezo huu kwa njia yao. Mwaka 1974, katika chuo cha kijeshi cha Sandhurst, Uingereza, mwalimu wa historia Paddy Griffith aliandaa mchezo mkubwa wa swali ambalo Waingereza hawachoki kujiuliza: je, Hitler angelituma jeshi kuvuka bahari mwaka 1940, ingekuwaje? Waamuzi walitoka pande zote mbili, pamoja na Adolf Galland aliyekuwa rubani mashuhuri wa Kijerumani katika vita vyenyewe. Wajerumani walifika ufukweni, lakini kati ya askari wao wapatao 90,000 waliotua, waliorudi Ufaransa walikuwa kama 15,000 tu. Kisha mwaka 1983 Bill Leeson akachapisha kwa Kiingereza kanuni za yule luteni za mwaka 1824, na vikundi vya kuzicheza vikazuka upya. Siku hizi wengine huucheza kwa intaneti, mmoja London na mwingine Chicago, na mwamuzi akiwatumia ujumbe. Ukifikiri sana utaona mchezo huu kama uliundwa kwa ajili ya simu: hauonani na mwenzako, unangoja ujumbe tu.

Sisi wa Afrika Mashariki hatuna haja ya kupigana tena vita vya Wazungu vya huko kwao. Waliokuja kuvipigania hapa wametuachia vya kutosha. Ningekuwa mwamuzi wa wanaoanza, ningeanza na Tanga, Novemba 1914.

Waingereza walileta kutoka India askari wapatao 8,000 chini ya Meja-Jenerali Arthur Aitken. Waliotakiwa kuilinda Tanga walikuwa chini ya Paul von Lettow-Vorbeck, ambaye alikuwa amefunzwa katika makao makuu ya jeshi la Kijerumani ambako mchezo huu ulikuwa chakula cha kila siku. Wote pamoja, maofisa Wajerumani na askari wao Waafrika, hawakuzidi sana 1,000, na wengi walikuwa mbali huko Moshi siku meli zilipotokea. Tarehe 2 Novemba manowari Fox iliingia bandarini kuwaarifu Wajerumani kwamba mapatano ya kutoshambuliana yamevunjwa. Kwa hiyo adui alipigiwa hodi kabla ya kuvamiwa. Lettow-Vorbeck akaanza kuleta watu wake kwa garimoshi la Usambara. Waingereza walitua Ras Kasone usiku wakaanza kuelekea mjini, wakarudishwa, wakangoja wenzao washuke. Usiku wa kuamkia tarehe 4, Lettow-Vorbeck alipanda baiskeli akauzunguka mji uliohamwa ili ajionee mwenyewe. Mchana wake Waingereza walisonga mbele kupitia vichaka na mashamba, nyuki wakatibuliwa katika mizinga yao wakawauma wa pande zote, na tarehe 5 jeshi la Aitken likarudi melini likiacha nyuma bunduki kwa mamia na risasi laki sita.

Ukilisoma hilo kitabuni unacheka. Aitken unamwona mjinga. Basi mketishe mtu mwerevu katika kiti chake, mnyime kile ambacho Aitken hakukijua, uone.

Tulijaribu nyumbani kwa dada yangu, Buruburu, mchana mmoja wa likizo. Mpwa wangu wa kike, wa kidato cha tatu, ambaye katika historia hapati chini ya A, alikuwa Aitken. Kaka yake aliongoza kikosi cha mbele, akiwa amefungiwa chumba kingine. Mama yao alikuwa Lettow-Vorbeck, akitoa amri huku akisukuma chapati. Mimi nilikuwa mwamuzi. Mpwa wangu aliandika: "Songa mpaka relini, kisha usubiri." Ndugu yake alipoipata barua alitazama ramani, akaona reli inapita bandarini na tena inazunguka mji kuelekea stesheni. Akachagua ile ya karibu, akaketi. Dada yake sebuleni alingoja habari za ushindi kwa saa nzima ya mchezo, akiamini kwamba watu wake wako stesheni. Kila aliponiuliza "Wamefika?" nilimjibu kwa haki kwamba hajaona wala kusikia lolote. Mama alikuwa amejifunza kutoka kwa watoto wake wenyewe kwamba barua fupi huzaa balaa, kwa hiyo zake zilitaja kila njia na kila saa.

Si ajabu la watoto hilo. Tarehe 25 Oktoba 1854, kule Balaklava katika Crimea, Lord Raglan akiwa juu ya kilima aliandika farasi wake wazuie mizinga isichukuliwe. Kutoka kilimani mizinga aliyoitaka ilionekana wazi. Waliokuwa bondeni waliona mizinga mingine, ya Warusi, wakaiendea, wakaangamia.

Kuna jambo moja ninalomtaka mwamuzi yeyote wa vita vya nchi hizi asilisahau, na katika michezo mingi ya Ulaya husahauliwa. Kwenye ramani kuna vipande vya askari, vya mizinga, vya farasi. Wapagazi wako wapi? Vita hivyo vya 1914 hadi 1918 vilibebwa kichwani. Huko ndani hakukuwa na barabara, na mbung'o waliwamaliza ng'ombe na farasi. Piga hesabu na watoto wako: tuseme mpagazi anabeba kilo 25 za unga na anakula kilo moja kwa siku. Akienda safari ya siku kumi na kurudi siku kumi amekula kilo 20. Kilichomfikia askari ni kilo tano. Jeshi likisonga siku mbili zaidi, karibu hakibaki kitu, na itabidi aandikwe mpagazi wa kumlisha mpagazi. Makumi ya maelfu yao walikufa, wengi kwa njaa na kuhara wala si kwa risasi, na wengi hawana kaburi linalojulikana. Kikosi chao kwa Kiingereza kiliitwa Carrier Corps. Ukishuka Kariokor kununua kiondo, jina la mahali unaposimama ndilo hilo. Na ukipita Kenyatta Avenue tazama zile sanamu tatu za mwaka 1928; mmoja wao hana cheo cha askari, ni mpagazi.

Wako watakaouliza kama ni vyema kuchezea mambo kama hayo. Dada yangu aliuliza, na swali lake nililiheshimu. Nadhani inategemea mwamuzi. Akiacha wapagazi nje ya ramani, majenerali wa sebuleni watapeleka majeshi popote wapendapo, na wataondoka wakidhani vita ni kusogeza vijiti. Akiwaweka, kila amri itakuwa na bei, naye atakuja mlangoni kusema: "Kati ya wapagazi wako 600, 140 hawawezi kuamka leo asubuhi. Unaamuaje?" Katika mchezo wetu, kijana aliyekuwa akipiga kelele za ushindi alinyamaza alipoambiwa hivyo.

Ukitaka kuanza, tafuta ramani moja nzuri na nakala zake tatu. Duka la kutoa fotokopi litakutengenezea kwa shilingi chache. Nakala mbili ni za makamanda, ya tatu ni ya mwamuzi na isionwe na mtu. Vijiti vya kiberiti vilivyopakwa rangi vinatosha kuwa vikosi. Chagua vita vidogo, ambavyo mwamuzi amevisoma vizuri kuliko wachezaji. Kanuni ziwe chache: mtu kwa miguu kichakani anaenda kilomita mbili au tatu kwa saa, barabarani nne, barua haifiki kabla ya anayeibeba, na panapo shaka mwamuzi husema kwa sauti uwezekano ni upi kisha anatupa dadu mbele ya watu. Nyuki nao watupiwe dadu, maana mchezaji akiwaona wanatokea tu kwa amri ya mwamuzi atasema amehongwa. Mwamuzi asiwe baba mwenye nyumba ikiwa watoto humwogopa kumpinga, wala baba asipewe jeshi ikiwa mwamuzi ni mtoto anayemwogopa.

Tengeni pia nusu saa ya mwisho, na chai iwe tayari. Hapo ndipo milango hufunguliwa, makamanda wote huja mezani, na mwamuzi huiweka ramani yake wazi kwa mara ya kwanza, akisimulia saa kwa saa nani alikuwa wapi. Kwetu ilituchukua muda mrefu kuliko vita vyenyewe. Mpwa wangu aliitazama ile reli ya bandarini, akamtazama kaka yake, akaomba aonyeshwe karatasi aliyoiandika kwa mkono wake mwenyewe.